Safu ya Wino Mwekundu

Sura ya Saba

Mkuu wa kituo aliliweka jalada mezani kwa Inspekta, akaligonga mara mbili kwa kidole.

"Saa kumi jioni liwe kwangu. Kesho asubuhi huyo fundi anasomewa shtaka la mauaji. Kama una la kusema, liseme leo."

Akaondoka na kikombe chake cha chai.

Inspekta alikuwa na la kusema, tatizo hakujua bado ni lipi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mchache wa maneno, na kwa siku mbili jalada lile lilikuwa linamwasha kama lebo ya nguo shingoni. Kila kitu ndani yake kilikaa mahali pake. Kwa uzoefu wake, kesi iliyotulia namna hiyo siku ya pili tu kuna mtu ameituliza kwa nguvu. Akalifungua tena tangu mwanzo.

Mzee mmoja wa miaka sabini na mbili, dereva mstaafu, amekutwa Jumanne asubuhi amekufa ndani ya gari lake katika yadi ya kuegesha malori. Na hilo gari si gari la hivi hivi. Ni gari-nyumba: mbele usukani na viti viwili, nyuma kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki, na choo ambacho ukikikalia magoti yanagusa mlango. Lilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Watu wa yadi waliliita Kobe, maana lilitembea na nyumba yake mgongoni na hakuna aliyekumbuka limempita nani barabarani. Mwenyewe naye akabatizwa Mzee Kobe, na hakuchukia.

Daktari aliandika kwamba mwili hauna jeraha. Damu ilijaa hewa ya sumu, ile isiyo na harufu, inayotoka kwenye moto wa gesi ukiwaka mahali pasipo na pa kupumulia. Hita, ile ya gesi inayopasha joto ndani ya gari, ilikuwa imewaka mpaka mtungi ukaisha.

Ushahidi wa Sajini ulikuwa chini ya hapo, umepangwa vizuri kama vyombo kabatini. Fundi aliyeitwa Spana alifunga mpira mpya wa gesi wiki hiyo hiyo. Fundi huyo huyo alisema mbele ya watu, "Hili gari litamuua yule mzee." Jumatatu jioni mlinzi wa yadi alimsikia marehemu akiongea na mtu garini. Na tundu la hewa la juu ya paa lilikutwa limefungwa, na mlango haujatiwa komeo, umerudishiwa tu, maana yake kuna mtu aliyelifunga akatoka.

"Lisemwalo lipo, afande," Sajini alisema. Alikuwa kijana mzuri, mwenye haraka, viatu vinang'aa. "Alisema litamuua, likamuua. Tena binti wa marehemu mwenyewe anamtaja."

"Na kwa nini amuue?"

"Alilitaka gari. Aliomba auziwe mara mbili, akakataliwa."

"Ungelitaka wewe?"

Sajini akafikiri. "Mimi? Hapana, afande. Lile ni gonjwa."

"Nipeleke kwa fundi," Inspekta akasema.

* * *

Spana alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, mikono bado ina grisi ya Jumanne. Kesi ya mauaji haina dhamana, na alishaambiwa hivyo na kila askari aliyepita na kila mlevi aliyelala naye mle. Alimwona Inspekta, akasimama.

"Nimeshamjibu Sajini yote, mama."

"Sajini umemjibu. Mimi nisimulie. Ulisema gari litamuua mzee?"

"Nilisema. Tena mbele yake, na yeye akacheka. Mama, gari la miaka thelathini na moja! Ukiziba dari, sakafu inaoza. Ukimaliza sakafu, betri ya taa inakata roho. Matairi ukiyatazama ni mazima, ukiyapapasa ubavuni yamepasuka kwa uzee. Gari kama lile hulitengenezi likapona. Unaliuguza tu. Sasa nikifika namkuta mzee mzima amepanda juu ya paa anapaka gundi ya silikoni kwenye maungio, peku, mvua inanyesha! Ndipo nikasema litamuua. Niliogopa ataanguka."

"Ukataka akuuzie."

"Ili ashuke juu ya paa."

Inspekta hakutabasamu, ila aliandika. "Safari hii ulifanya nini?"

Spana akahesabu kwa vidole. "Breki za nyuma. Mpira wa gesi na regyuleta ya mtungi. Na mipira yote ya mlango na madirisha. Ile ya zamani ilikauka ikawa kama maganda, ukikaa ndani upepo unakupiga shingoni. Nimeiweka mipya, ukifunga mlango sasa unasikia masikio yanaziba."

Inspekta akapiga mstari chini ya neno *mipira*.

"Na lile tundu la juu ya paa?"

"Sikuligusa. Lilikuja limefungwa, na kwa mvua hii nisingelifungua. Lile hufunguliwa na wenyewe wakishaegesha. Bila tundu lile hita haiwashwi. Mzee ndiye aliyenifundisha hivyo, si mimi niliyemfundisha."

"Jumatatu jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu." Akainua mabega. "Mtu unakaa mwenyewe mwaka mzima hakuna anayekuuliza. Siku moja tu ndiyo unatakiwa uwe na shahidi."

Hilo Inspekta hakuliandika.

"Mzee ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Siku hiyo hiyo, saa kumi, alipokuja kuchukua ufunguo. Ilikuwa safari ya kwanza tangu mkewe afariki, miezi minne sasa. Nikamwambia, mzee, nije yadini tukaliweke wote. Kuliegesha lile si kazi ya mtu mmoja. Akanipiga begani, akasema, 'Usihangaike, Spana. Tunatosha.'"

Kalamu ikasimama. "Alisema tunatosha?"

"Tunatosha. Nikadhani amepata mtu wa kusafiri naye. Nilifurahi, kusema kweli."

Huko koridoni Sajini alishindwa kujizuia. "Umesikia, afande? Mtu wa pili yupo, mwenyewe kakiri. Na kama si yeye, basi amtaje."

"Chukua sabuni ya kuoshea vyombo pale kantini," Inspekta alimwambia. "Na brashi. Na mtungi wa gesi uliojaa."

* * *

Yadi ilikuwa pembeni ya mji, nyuma ya ghala la saruji. Malori mengi yalikuwa safarini, na Kobe lilibaki peke yake kwenye kona, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa yaliyokaa, na mstari wa kahawia ubavuni. Lilikuwa zee lakini halikuwa chafu. Kila mkwaruzo ulikuwa umepakwa rangi kwa brashi ndogo, kila skrubu mpya imetiwa mafuta. Ukiona vyaelea vimeundwa, na hili mtu alikuwa ameliunda upya kila mwaka kwa miaka ishirini na sita, tangu alinunue.

Walianza nje. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limepandishwa kwenye mbao mbili, maana uwanja una mteremko. Inspekta akachungulia dirishani: kwenye dashibodi palikuwa na pima maji ndogo ya fundi uashi, imegandishwa kwa gundi, na kiputo kimesimama katikati kabisa. Magurudumu yote mawili ya nyuma yalikuwa na kabari. Breki ya mkono ilikuwa juu. Mtungi ulikuwa umefungwa mkanda usitikisike.

"Mtu wa utaratibu," Sajini akasema.

"Kumbuka umesema hivyo."

Wakaunga mtungi uliojaa. Inspekta akapaka povu kwenye regyuleta, kwenye maungio, kwenye mpira wote mpaka unapoingia ukutani, kisha akaamuru valvu ifunguliwe. Sajini alipiga magoti matopeni na viatu vyake, akakodoa macho. Gesi ikivuja povu huvimba. Povu lilikaa pale likikauka taratibu.

"Halichezi, afande."

"Halichezi. Na kama ingekuwa inavuja, mzee angesikia harufu, hata wewe unajua gesi inavyonuka. Yeye ameuliwa na moto uliowaka sawasawa, ukala hewa yote mpaka ukaanza kutoa sumu. Fundi wako kazi yake ni nzima. Twende ndani."

Ndani palikuwa padogo na pasafi, panafanana na chumba cha meli. Kulikuwa na benchi lenye mto mwembamba, na koti lililokunjwa liwe mto wa kichwa. Hapo ndipo walipomkuta. Inspekta akavua viatu, akapanda juu ya benchi, akamulika dari.

Tundu lilikuwa la mraba, na mfuniko wa plastiki unaoinuliwa kwa mkono mdogo wa kuzungusha. Mfuniko ulikuwa umefungwa ndi. Kutoka kwenye ule mkono mpaka pembe ya kabati palikuwa na utando wa buibui, mzima, mzito kwa vumbi, na nzi mkavu katikati.

"Njoo umwone huyu," Inspekta akasema. "Mwandike kwenye orodha ya mashahidi."

Sajini akanyoosha shingo. "Buibui?"

"Wewe umeandika kwamba fundi aliingia Jumatatu, akalifunga tundu, akatoka. Alizungusha mkono huu bila kuchana utando?"

Sajini akautazama utando, kisha ule mkono. "Haiwezekani, afande."

"Tundu hili lina miezi halijaguswa. Hakuna aliyelifunga. Yupo ambaye hakulifungua."

"Basi mzee alisahau. Uzee."

"Mzee aliyeweka mbao mpaka kiputo kikasimama katikati? Aliyefunga mtungi mkanda, akaweka kabari mbili? Huyo huyo asahau kitu pekee kinachoua?"

Inspekta akaanza kulitafuta jibu kuanzia kiti cha dereva. Kwenye kiti cha abiria mkanda ulikuwa umefungwa na hakuna mtu. Chini ya mkanda palikuwa na ramani ya barabara, imekunjwa ukurasa wa safari, na juu ya ramani miwani ya kusomea ya kike, fremu nyembamba, mkono mmoja umefungwa uzi.

"Umeiona hii juzi?"

"Niliiona. Nikadhani ni vitu vya garini tu."

Kando ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia daftari la jalada gumu, na kalamu mbili zimefungwa kwa kamba: moja ya buluu, nyingine nyekundu.

* * *

Inspekta alisoma daftari lile amekaa kwenye ngazi ya mlango. Juu yake paliandikwa *Namba 7*, kwa mwandiko wa mviringo wa mwanamke. Kila kituo walichowahi kulala kilikuwa na ukurasa wake, tarehe juu, na safu mbili chini. Safu ya kushoto iliitwa *Nje*: mbao, kabari, breki ya mkono, mtungi. Ya kulia iliitwa *Ndani*: pampu ya maji, kitanda, komeo la mlango, tundu la juu. Chini kabisa, katikati ya safu zote mbili, mstari mmoja: *Hita, mwisho wa yote.*

Kushoto tiki zilikuwa za buluu, ndefu, za mtu mwenye haraka. Kulia zilikuwa nyekundu, ndogo, zimekaa kwenye mstari. Ukurasa baada ya ukurasa, miaka na miaka, buluu na nyekundu, hakuna hata mara moja rangi iliyovuka kwenda upande wa mwenzake.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Jumatatu. Kushoto, tiki nne za buluu. Kulia, tiki nne za buluu.

"Sajini. Pampu ya maji imewashwa?"

Sajini akaangalia swichi juu ya sinki. "Imezimwa."

"Kitanda?"

"Kimekunjwa ukutani. Hakijashushwa."

"Komeo tunajua. Tundu tunajua." Akamgeuzia ukurasa. "Upande wa kushoto kila kitu kimetiwa tiki na kila kitu kimefanyika, tena kwa pima maji. Upande wa kulia kila kitu kimetiwa tiki na hakuna hata kimoja kilichofanyika."

Sajini akazifuata tiki kwa kidole, safu moja hadi nyingine.

Inspekta akaichukua kalamu nyekundu, akaichora kwenye kiganja chake. Iliandika vizuri kabisa.

Mlinzi wa yadi alikuwa kibandani, mzee mwenye kofia ya sufu na redio iliyoshikwa kwa mpira. Inspekta akamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ya mtu ambaye siku hiyo hakuwa ameamkiwa na yeyote.

"Jumatatu jioni ulimsikia Mzee Kobe akiongea na mtu."

"Nilimsikia. Nilikuwa hapo bombani nachota maji. Jua limezama lakini bado naona. Yeye kasimama nje mlangoni na kitabu chake, anaongea na mtu aliye ndani."

"Anasemaje?"

"Anauliza. Anauliza kitu, anatulia kidogo, anaandika. Anauliza kingine."

"Na wa ndani alikuwa anasemaje?"

Mlinzi akaipunguza redio. "Sauti yake ilikuwa ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Ndogo." Akaivuta kofia. "Sikuisikia."

"Kwa hiyo hukumsikia mtu wa pili, wala hukumwona."

"Sikumsikia. Lakini mwanangu, mtu na akili zake haulizi bati."

Inspekta, ambaye kila jioni akifungua mlango wa kwake hupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, hakumbishia.

"Walikuwa wanakwenda wapi, yeye na mkewe?" akauliza.

"Popote! Lakini usiku wa kwanza lazima walale hapa. Desturi yao. Wakigundua wamesahau kitu, nyumbani ni karibu, wanakwenda kukichukua." Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Hawakuwahi kusahau kitu, wale."

Inspekta akatazama saa. Saa nane na robo. "Sajini, mlete Spana. Na mpigie binti wa marehemu, mwambie namhitaji hapa, sasa hivi."

* * *

Binti alikuja kwa teksi. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na sare ya kazini ndani ya koti. Alipomwona Spana anashushwa na pingu mikononi, akasimama mbali naye makusudi.

"Kwa nini yuko hapa? Mnamrudisha aone alichofanya?"

"Mdogo wangu, nisaidie kitu kimoja kwanza," Inspekta akasema. Akamwonyesha miwani.

Binti akaipokea kwa mikono miwili. "Ya mama. Nimeitafuta hii nyumba nzima wakati tunagawa nguo zake. Baba akasema hajui ilipo." Akaugusa ule uzi. "Ilikuwa wapi?"

"Kwenye kiti cha mbele. Imefungwa mkanda."

Inspekta akampa daftari, limefunuliwa ukurasa wa Jumatatu, akamsimamisha nje ya mlango, pale pale mlinzi alipoonyesha. Mlinzi akapelekwa bombani na ndoo yake. Spana akabaki kando ya gurudumu na Sajini wake.

"Mimi nitakuwa ndani," Inspekta akasema. "Utanisomea safu ya kulia. Unauliza moja, unasubiri, unapitisha kalamu juu ya tiki, unaenda la pili. Kwa sauti, mzee wetu pale asikie."

Akaingia, akakaa kwenye benchi karibu na lile koti lililokunjwa.

"Pampu ya maji?" binti akasoma.

Kimya. Ghala la saruji lilikuwa linavuma mbali.

"Kitanda?"

Kimya.

"Hivyo hivyo!" mlinzi akapiga kelele toka bombani. "Ndivyo nilivyosikia mimi! Hasa!"

"Komeo la mlango?"

Inspekta alitazama juu, kwenye utando.

"Tundu la juu?" binti akauliza. Akasubiri. Safari hii alisubiri zaidi ya alivyoambiwa, na kalamu haikusogea. "Inspekta? Mbona hunijibu?"

"Kwa sababu Jumatatu hakuna aliyejibu."

Binti akasimama vile vile, daftari mkononi. Kisha akakaa ghafla kwenye ngazi ya mlango, mpaka Sajini akapiga hatua kumdaka.

"Mama ndiye alikuwa anajibu," akasema. "Tangu nikiwa mdogo, nalala kwenye kile kitanda nawasikia. Baba nje na ya buluu, mama ndani na nyekundu. Baba, 'Pampu?' Mama, 'Tayari, bwana.' Baba hakuwahi kugusa ule mkono wa tundu. Hata siku moja. Mama alikuwa anasema wanaume watauvunja."

"Kwa hiyo aliuliza," Inspekta akasema taratibu, "akasubiri kiasi alichozoea kusubiri, akatia tiki. Halafu akawasha hita, kwa kuwa orodha ilikuwa imekamilika."

"Nilikuwa nampigia kila Jumapili." Binti alikuwa anaongea na daftari. "'Uko salama, baba?' Ananiambia, 'Tuko salama, mwanangu.' Miezi minne ananiambia tuko. Mimi niko zamu, nina haraka, nasema haya baba, usiku mwema. Sikumuuliza hata mara moja tuko na nani."

Akalia, wazi, bila kujificha. Hakuna aliyemnyamazisha. Mlinzi aliweka ndoo chini akavua kofia.

Spana ndiye aliyeongea baadaye, kwa sauti ya chini, kama anajisemesha. "Lakini zamani hata wangesahau, upepo ulikuwa unaingia. Mlangoni, madirishani, kila mahali. Gari lilipokuwa bovu lilikuwa linapumua." Akageuka kwa Inspekta, na uso wake ulikuwa mbaya kuliko ulivyokuwa mahabusu. "Mama, mimi ndiye niliyeliziba."

"Uliagizwa kazi, ukaifanya sawasawa. Hilo si kosa la jinai."

"Najua si la jinai. Nitalala nalo hivyo hivyo."

Inspekta akamwashiria Sajini. Sajini akatoa ufunguo, akafungua pingu, na bila kuambiwa akasema, "Samahani, fundi."

Binti alikuwa amesimama. Alimsogelea Spana mpaka karibu. "Nilikutaja wewe kwa sababu nilitaka awepo mtu. Kama hayupo mtu, basi ni mimi. Nisamehe, kaka."

"Si wewe, dada," Spana akasema. "Alinicheka nilipotaka kumsaidia. Na wewe angekucheka."

Sajini alikuwa ameshatoa kalamu. Alimvuta Inspekta pembeni. "Afande, maelezo ya mlinzi yanasema alikuwepo mtu wa pili. Sasa kwenye ripoti nimwandikeje huyo?"

Inspekta alitazama kile kiti cha mbele, mkanda wake bado umefungwa.

"Andika alivyosema mlinzi. Marehemu aliuliza mara nne. Hakujibiwa."

Sajini akaandika.

"Naweza kulifungua?" binti akauliza. "Lile tundu."

Sajini akamwangalia bosi wake, maana utando ule ulikuwa kielelezo. Lakini picha zilishapigwa, tena tatu. Inspekta akaitikia kwa kichwa, akampisha mlangoni. Binti akapanda juu ya benchi. Wa nje walimsikia akihangaika na ule mkono uliokaa miezi bila kuzungushwa, chuma kikalia, kikakubali.

"Limefunguka?" akauliza kutoka ndani. Toka mle ndani mtu haoni kama mfuniko umeinuka wote, ndiyo maana kazi ile ilikuwa ya watu wawili.

Hakuna aliyepangwa kujibu. Spana, bado anajisugua viganja palipokuwa na pingu, akarudi nyuma hatua mbili mpaka akaliona paa.

"Limefunguka, dada," akasema. "Lote."

Inspekta akatazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Akamwambia Sajini awashe gari, jalada linatakiwa saa kumi.